Rimu Kwanza, Simu Baadaye: Namna ya Kuwaamsha Watu Chuoni

Kwenye mjakaranda ulio mbele ya hosteli zetu hapa Moshi limening'inia rimu la lori. Wazazi wanaoleta watoto wao mwaka wa kwanza hulicheka: chuo kikuu kizima, kengele ya shule ya msingi! Siwalaumu. Babu mlinzi alipolitundika, mimi mwenyewe nilimwambia anatuharibia mandhari.

Ikaja masika. Saa 5 usiku binti mmoja alitumbukiza hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga, akaenda chumba cha pili kusukwa nywele. Maji yakakauka, ndoo ya plastiki ikayeyuka, godoro likashika. Umeme wa jengo ukakatika, na king'ora tulichokinunua kwa mbwembwe kikanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukiwekea betri. Paswedi ya mfumo wa SMS aliijua kijana mmoja tu wa TEHAMA, naye alikuwa safarini Dodoma, simu imezima. Mimi, kama mlezi wa wanafunzi, nikaandika tangazo zuri lenye salamu na aya mbili, nikamtumia mkubwa wangu aliidhinishe. Mkubwa alikuwa usingizini. Babu hakuandika kitu. Alishika nati kubwa ya gurudumu akaanza kuligonga lile rimu, huku akiniambia, "Mama, wewe wapigie zimamoto, hawa niachie mimi." Wote walitoka salama.

Kwa hiyo, kama umepewa kazi ya kupanga tahadhari za chuo chako, anza na mlio usiohitaji umeme wala intaneti. King'ora kiwepo, chenye betri inayojaribiwa kila mwezi, lakini rimu liwepo pia. Nati ifungwe kwa waya palepale mtini. Yetu ya kwanza niliikuta inazuia mlango wa chumba cha pasi.

Milio iwe miwili, wala isifanane. Mfululizo wa haraka maana yake toka nje. Mapigo matatu, kimya, matatu tena, maana yake ingia ndani, funga mlango, kaa mbali na madirisha. Huu wa pili tuliuongeza tukiwakumbuka wenzetu wa chuo cha Garissa, Kenya, ambako magaidi waliwaua watu 148 tarehe 2 Aprili 2015. Namshukuru Mungu, hadi leo tumeutumia mara moja tu, tena kwa sababu ya nyuki waliokuwa wamejaa kwenye dari ya ukumbi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili la ruhusa. Vyuo vya Marekani vimejifunza kwa uchungu. Pale Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007, wanafunzi wawili walipigwa risasi hostelini kama saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya kwanza kwa chuo kizima ilitoka saa 3:26. Muda mfupi baadaye mtu yuleyule akaanza kuua kwenye jengo la madarasa, na jumla ya waliouawa ikafika 32. Wenzetu hao tayari walikuwa na sheria ya usalama vyuoni ya mwaka 1990, yenye jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa chumbani kwake hostelini mwaka 1986. Mwaka 2008 iliongezewa kifungu kwamba hatari ikishathibitishwa, chuo kitoe taarifa mara moja. Sisi tulikaa kikao kimoja kirefu (chai ilipoa) tukakubaliana: mlinzi wa zamu, mlezi na muuguzi wa zahanati, yeyote kati ya hao akiona hatari kwa macho yake anatuma tahadhari bila kumwomba mtu ruhusa. Makamu Mkuu wa Chuo anapata ujumbe dakika ileile tunayoupata sote. Akikosea mtu, tutacheka kesho.

Ujumbe wenyewe uandike leo, ubaki kujaza mahali na saa. Wetu wa moto uko hivi:

MOTO Ughaibuni, ghorofa ya 2. Tokeni nje SASA, nendeni uwanja wa mpira. Msirudi kuchukua vitu. Saa 5:10 usiku. Mlezi wa Wanafunzi

Ughaibuni ni hosteli ya mwisho kabisa, karibu na uzio. Kwenye ramani ina jina la heshima ambalo hakuna mwanafunzi analijua. Tumia jina wanaloliita wao. Saa usiiache peke yake. Ukiandika "saa 5" tu, anayeusoma asubuhi atadhani moto unawaka muda huo, na mgeni asiyezoea saa zetu atahesabu vingine kabisa. Kama una wanafunzi wa kigeni, tuma wa pili kwa Kiingereza, usichanganye lugha mbili katika mmoja. Hesabu herufi pia: SMS moja inabeba 160, ikizidi inakatwa vipande na kipande kinaweza kuchelewa. Ukiweka kikaragosi au alama za nukuu zilizopinda ulizonakili kutoka kwenye kompyuta, nafasi inashuka hadi herufi 70.

WhatsApp itumie, ila usiitegemee. Mwisho wa mwezi nusu ya hosteli haina bando, na SMS kuipokea ni bure. Lakini namba nazo zinabadilika kama hali ya hewa ya mlimani. Kwetu funguo ya chumba haitoki mpaka mwanafunzi aandike laini zake zote na tuzibipu palepale mezani. Asiyesikia vizuri anapangiwa jirani wa kumgusa bega, na huyo jirani naye ana wa akiba.

Kabla ya zoezi, watangazie watu kwamba ni zoezi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, Novemba 2015, waliigiza shambulio, watu wakaamini ni kweli, wengine wakaruka kutoka juu. Mfanyakazi mmoja alifariki. Sisi tunatangaza siku mbili kabla, na siku yenyewe tunawaarifu polisi na zimamoto wasije wakashtuka. Namba zao, 112 na 114, zimepakwa rangi ukutani kila ghorofa.

Tena andaa ujumbe wa kusema hatari imekwisha. Huu tuliusahau. Usiku ule wa hita moto ulizimwa kabla ya saa 7, nikaingia ofisini kuandika ripoti. Saa 11 alfajiri, nikielekea nyumbani, nikawakuta mabinti sita katikati ya uwanja wa mpira, wamejibanza chini ya kanga mbili zilizolowa, mvua inanyunya. Mmoja akasimama, akanishikamoo, akauliza kama sasa wanaruhusiwa kurudi ndani.