Namna ya kupanda mlima wa Bugando na baiskeli bila kuweka mguu chini

Wadau wa baiskeli hapa Mwanza, kama unataka kufika juu kule hospitali bila kushuka njiani, anza taratibu, yani taratibu mpaka uone kama unajichelewesha. Wengi nawaona wanauvamia mlima na ile kasi waliyotoka nayo mjini, wanakanyaga kweli kweli, afu katikati pumzi imekata mapaja yanawaka moto, wanaishia kusukuma.

Gia ibadilishe hukohuko chini kabla barabara haijainuka. Sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) weka ndogo mbele, kubwa kabisa nyuma. Ukisubiri mpaka umeshakanyaga kwa nguvu zote utasikia krak krak, cheni inaruka meno, mi iliwahi kuchomoka kabisa nikiwa na gari nyuma yangu, nikabaki pembeni ya mtaro vidole vyeusi tii kwa grisi natafuta majani ya kujifutia. Kama yako ni ya gia moja pia inawezekana, ila utahitaji mazoezi ya wiki kadhaa kwenye vilima vidogo kwanza.

Siti ipandishe kiasi kwamba pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Kaa, usisimame, kusimama kunamaliza nguvu haraka, simama pale panapokaba tu kwa mizunguko michache urudi kukaa. Mabega yalegeze. Pumua kwa kuhesabu na miguu, mi navuta mizunguko miwili natoa mizunguko miwili. Na mgeni kutoka Dar asishangae akihema haraka kidogo, huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Nenda alfajiri, jua la Mwanza likishapiga ile miamba joto linakurudia kutoka pande zote.

Sasa hili nalisema kwa moyo wote: ile ni njia ya hospitali ya rufaa, wagonjwa wanapandishwa usiku na mchana. Usipande kwa kukata kona kona kulia kushoto ili kupunguza mwinuko, shika kushoto kwako. Ukisikia king'ora toka barabarani kabisa hata kama umebakiza mita ishirini, mlima utaukuta kesho.

Ukifika juu usikae ghafla, zungukazunguka kidogo miguu ipoe, kunywa maji, afu geuka utazame. Mabati ya mji yanashuka mpaka ziwani, nyumba zimekaa juu ya mawe makubwa kama zimewekwa kwa mkono, na asubuhi ikiwa safi maji yanang'aa mpaka unakunja macho. Mi kila mara nakaa hapo dakika kumi nzima.

Kushuka ndo kunaumiza watu. Breki zote mbili pamoja, bana achia bana achia, ukibana mfululizo rimu inapata moto na mpira wa breki unaanza kuteleza, na ukibana ya mbele peke yake utaruka juu ya usukani. Kagua mipira yake kabla hujatoka nyumbani, na kama imeisha usipande siku hiyo, pitia kwa fundi kwanza.