Sanamu ya pedeli inayoelea: anza na maji, sura baadaye

Mashindano ya sanamu zinazoendeshwa kwa pedeli, nchi kavu na majini, yalianza Ferndale, California, mwaka 1969. Msanii Hobart Brown aliichukua baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, akaiunda upya hadi ikawa na matano, na Jack Mays akamwambia ataunda yake na kumshinda. Siku hizi mbio za huko zinaanzia Arcata na kuchukua siku tatu: lami, mchanga, na maji ya ghuba ya Humboldt. Za Baltimore, zinazoandaliwa na jumba la sanaa la American Visionary Art Museum, ni takriban kilomita 24 kwa siku moja. Injini hairuhusiwi, na vifaa vya kuelea unatembea navyo njia nzima. Anayemaliza katikati kabisa ya msafara ana zawadi yake, kwa hiyo usijenge kwa ajili ya kasi. Jenga kitu kitakachofika.

Hatua ya 1: Pima uzito kabla ya kuchora

Wengi huanza na mnyama wanayempenda. Mimi nilianza hivyo, na jogoo wangu wa kwanza alilala ubavu kabla hajafika mita kumi.

Kila lita ya maji ambayo chombo kinaisukuma kando hubeba takriban kilo moja. Chukua chombo cha watu wawili: fremu, magurudumu na mapipa kilo 130, sanamu 40, watu na vifaa vyao 160. Jumla ni 330. Kwenye karatasi, lita 330 zinatosha. Majini zidisha mara mbili au zaidi, maana mmoja wenu akiegemea kushoto, mapipa ya kushoto ndiyo yanayobeba mzigo. Mapipa manne ya plastiki ya lita 200 yanakupa 800, nayo yatazama chini kidogo ya nusu. Yapange mbali na katikati, mawili kila upande, kama mirengu ya ngalawa. Upana ndio unaozuia chombo kwenda mrama.

Vifuniko vikaze sawasawa. Pipa lililopigwa na jua likiingia kwenye maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kunyonya maji kupitia uwazi usiouona. Ukitumia povu jeupe la plastiki badala ya mapipa, usiliguse kwa petroli wala rangi ya kopo la kupuliza. Litayeyuka mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: Fremu na magurudumu

Fremu ni kazi ya kawaida ya kuchomelea. Chuma cha bomba kinatosha. Shida iko kwenye magurudumu. Baiskeli ikikata kona hulala, na uzito hupita katikati ya rimu. Chombo cha magurudumu matatu au manne hakilali, kwa hiyo nguvu inakuja kutoka ubavuni na rimu nyembamba hupinda kama sahani ya bati. Mbele weka magurudumu madogo ya inchi 20 yenye spoku 36 na ekseli nene. Nyuma weka ya inchi 26 yenye tairi pana, na kabla ya mchanga punguza upepo. Usisahau kubeba pampu.

Breki ziwe za diski. Breki za kubana rimu zikilowa huteleza, na kilo 330 kwenye mteremko hazikusubiri.

Hatua ya 3: Gia

Gia moja haitoshi. Weka ekseli ya kati, baina ya pedeli na gurudumu: cheni ya kwanza itoke kwenye pedeli yenye meno 22 kwenda gia ya meno 34, ya pili kutoka meno 15 kwenda 30 kwenye gurudumu. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika utakwenda kama kilomita mbili na nusu kwa saa. Watoto watakupita wakitembea, lakini utapanda mlima. Cheni ya pili iwe nene, kwa sababu hiyo ndiyo inayovuta kwa nguvu zaidi na ndiyo hukatika. Kila gurudumu la nyuma lipewe friwili yake (gia inayoliacha lizunguke lenyewe hata usipokanyaga), la sivyo kona zitakuwa vita.

Hatua ya 4: Kusukuma na kugeuza majini

Rafadha inapendeza, lakini inataka gia zake na hugonga chini. Mimi hufunga makafi ya plastiki ngumu kwenye rimu za nyuma, si kwenye spoku. Magurudumu ya mbele nayafunika kwa plastiki bapa pande zote mbili. Yakigeuka, yanakuwa usukani.

Hatua ya 5: Sura

Sasa mlete jogoo. Mifupa iwe ya alumini nyembamba au mianzi, ngozi iwe kitambaa. Karatasi na gundi hunywa maji. Kichwa kirefu ni tanga: upepo wa pembeni ukikipiga, utaelekea usikotaka. Toboa matundu mahali pasipoonekana, weka betri na mizigo chini, na hakikisha kila mkanyagaji anaweza kuruka nje bila kufungua chochote. Wakati wa kuvuka, usijifunge mkanda kwenye kiti. Vaa jaketi la kuokolea.

Hatua ya 6: Jaribio

Jaribuni maji matulivu yanayofika kifuani, kamba ikiwa mikononi mwa mtu wa nchi kavu. Kuingia ni rahisi. Kutoka ndiko kunakoaibisha watu: magurudumu ya mbele yanagusa ardhi, lakini mapipa bado yanabeba uzito wa nyuma, tairi zinakwaruza ukoka bila kushika. Tulihangaika hapo karibu nusu saa. Tiba yetu ilikuwa kupandisha mapipa sentimita kumi kwenye fremu, ili chombo kikae chini zaidi majini na tairi ziwahi kukanyaga.

Na kamba ya kukokotwa ifungwe omo mapema. Jogoo akishainama katikati ya maji, hakuna atakayeona pa kuifunga.