Salamu si jibu: namna ya kumjazia mgonjwa programu ya tiba shufaa nyumbani

Mama mkwe wangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Tangu tulipoelezwa kuwa matibabu sasa ni ya kumpunguzia mateso tu, yaani tiba shufaa, yuko kwetu Tandika, chumba cha mbele, na mimi ndiye ninayemjazia hali yake kwenye simu ili muuguzi wa tiba shufaa aisome akiwa kazini kwake. Wiki ya kwanza nilijaza uongo bila kukusudia. Naingia asubuhi, "Shikamoo mama, umeamkaje?" "Marahaba mwanangu, salama tu." Basi nami kwenye swali la maumivu nagusa 1, yaani kidogo. Siku ya nne sista akapiga simu: "Mbona maumivu unaandika 1, halafu dozi za ziada za mofini, dawa ya maumivu makali, umempa mara tatu?" Kumbe mama alikuwa anaitikia salamu. Swali la maumivu sikuwa nimemuuliza hata siku moja.

Kwa hiyo salimia kwanza mpaka salamu ziishe, ukae, ndipo uulize. Usiulize "unaumwa?", maana atasema kidogo. Uliza usiku aliamka mara ngapi, aliweza kugeuka upande gani, chai aliimaliza au aliiacha.

Maswali tunayojaza sisi yametoka kwenye kipimo kiitwacho APCA African POS (APCA ni chama cha tiba shufaa cha Afrika), kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa Afrika. Ndicho kilichotumika pia katika mPalliative Care Link, programu iliyojaribiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hapa Dar. Maswali ni 10: 7 ya mgonjwa, 3 ya anayemuuguza. Majibu huanzia 0 hadi 5, na huhusu siku tatu zilizopita, kwa hiyo usipime kwa dakika ile unayomwona ametulia. Tumia mkono. Ngumi ni hakuna maumivu kabisa, vidole vitano ni maumivu yasiyostahimilika. Mama hasomi, lakini vidole havimsumbui. Mwache avinyooshe mwenyewe. Mimi nilikuwa namsaidia, na msaada wangu ulikuwa unapunguza kidole kimoja kila mara.

Kuna mtego. Kwenye maumivu, 5 ni hali mbaya. Kwenye swali la amani ya moyo, 5 ni hali nzuri. Ukigusa haraka haraka unageuza maana yote. Na hilo la amani usiliruke eti kwa kuwa halina dawa. Mama alininyooshea kidole kimoja, akasema, "Nitakuwaje na amani na deni la watu?" Alikuwa anadaiwa vitenge viwili na jirani. Tukalipa jioni ileile.

Kuhusu mofini ya maji, tegesha kengele za simu. Tulivyoelekezwa sisi ni kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi maradufu ili alale mpaka alfajiri. Fuata maelekezo ya mgonjwa wako, usinakili ya mama yangu. Dozi ya ziada iandike na saa yake palepale, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayomwonyesha sista kama dozi ya kawaida haitoshi.

Mofini hufunga choo, na choo ndilo swali gumu kuliko yote. Mama mkwe hawezi kumwambia mkamwana wake habari za choo, nami sikuweza kuuliza bila kutazama sakafu. Tukampa kazi hiyo binti yangu wa miaka 14. Bibi na mjukuu wana utani wao, wanacheka huko ndani, naletewa jibu.

Mambo ya simu yenyewe ni mepesi. Simu iwe moja na mjazaji awe mmoja. Bando likiisha, programu yetu hutunza majibu mpaka mtandao urudi, ila hakikisha yametoka. Weka namba ya siri. Shemeji yangu alipiga picha kioo cha simu akairusha kwenye grupu la familia, na kabla ya adhuhuri ndugu wa Muheza walikuwa wanauliza mazishi ni lini.

Mengine hayajazwi, yanapigiwa simu hapohapo: damu nyingi, homa kali, kupumua polepole sana au usingizi usioamshika, miguu kuishiwa nguvu ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, mkojo kuziba. Usidhani kuna mtu anakodolea macho majibu yako saa 8 usiku. Namba ya sista nimeibandika ukutani kwa maandishi makubwa, kwa siku ambayo simu yangu itakuwa imezima au mimi niko sokoni.

Yale maswali 3 ya muuguzaji jaza peke yako, mgonjwa asisikie. Moja linauliza umekuwa na wasiwasi kiasi gani. Nililijaza 0 wiki mbili mfululizo, sista akanicheka: "Na wewe unaitikia salamu?" Siku hizi nalijaza uani, nikisubiri maji ya kumwogeshea mama yapate moto.