Kupandisha injini ya LM7 kwenye Chevelle: sampu kwanza

Kama una Chevelle, lile gari dogo la zamani la Chevrolet, ya 1968 hadi 1972 na umechoka kuhangaika na kabureta, mimi ningekushauri uchukue LM7, ile V8 ya lita 5.3 iliyofungwa kwenye pikapu za Chevrolet kuanzia 1999. Bloku yake ni ya chuma na nzito, wapenda alumini wataguna. Waache wagune. Inunue na waya zake zote, kompyuta yake, na pedali ya mafuta kama ni ile isiyo na kebo. Kuokoteza kimoja kimoja baadaye ni kujitesa.

Eksozi isubiri, shughulikia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ile ya pikapu ni ya kina, itaning'inia chini ya krosimemba (boriti ya chasisi inayokatiza chini ya injini) ikisubiri jiwe. Wengi hufunga ya Camaro ya 1998 hadi 2002, pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Mauntini, vile vishikizo vya injini, nazo zinataka bamba za kuunganishia, maana matundu ya bloku hizi hayalingani na ya zile za zamani.

Sasa bandika mabonge ya udongo wa kuchezea juu ya krosimemba na kwenye rodi ya stelingi. Shusha injini polepole kwa winchi, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, halafu inyanyue tena. Palipobaki udongo mwembamba kama karatasi, injini ikitikisika itagonga. Mimi chini ya milimita 6 sikubali. Ikigoma, badilisha bamba. Grainda isiguse krosimemba.

Gia ya 4L60E iliyokuja na injini ndiyo rahisi, ila krosimemba ya gia utaisogeza nyuma na propela utaipima upya. Ukibaki na TH350, gia otomatiki ya zamani, weka speza (kipande cha kujazia nafasi) nyuma ya kranki, kwa sababu uso wa kranki hii uko ndani zaidi kwa karibu milimita 10. Injini ilale kidogo kwa nyuma, kama digrii 3, na pua ya difu iinuke kwa kiasi hicho hicho, la sivyo propela itatetema.

Petroli usiifanyie mzaha. Kabureta inaridhika na shinikizo la psi 5 hadi 7. Hii inataka 58. Pampu ya zamani na mipira yake vyote vitoke. Weka pampu ya umeme ndani ya tangi, na filta ya Corvette ya 1999 hadi 2003, ambayo ina regyuleta (kidhibiti cha shinikizo) ndani yake na njia ya kurudisha petroli tangini. Tangi lisilo na vizuizi ndani litakuzimia gari kwenye kona likikaribia kuisha.

Kijibomba cha mvuke kilichoko mbele ya vichwa vya silinda kipeleke juu ya radieta, hewa isije ikakwama humo.

Kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi za injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande, ndipo uzirudishe. Ikishawaka, iache ingurume hapo hapo ukikagua viungo vya petroli kimoja kimoja, kizimamoto kikiwa karibu.