Namna ya Kupima na Kupunguza Ulaji wa Mafuta wa Sedani Yenye Nguvu Kwenye Barabara Kuu

Mtu anayenunua sedani yenye injini ya nguvu farasi 400 huwa amekwisha kuonywa na wengi kwamba gari hilo litamfilisi kwenye pampu. Onyo hilo lina ukweli mwingi katika foleni za mjini, penye kusimama na kuondoka kila baada ya dakika, lakini kwenye barabara kuu hesabu hubadilika kwa kiasi ambacho hata wenye magari hayo mara nyingi hawakijui, kwa sababu hawajawahi kupima sawasawa. Kwa hiyo tutaanza na kipimo, kisha tutaingia katika namna ya kupunguza, na tutakaa zaidi kwenye mambo yenye uzito kuliko kwenye yale yanayosemwa sana.

Gari lenyewe linahitaji nguvu kiasi gani

Chukua sedani ya kilo 1,800 yenye umbo laini kama yalivyo magari mengi ya siku hizi, ambayo kizio chake cha ukinzani wa hewa, yaani namba inayoonyesha jinsi umbo linavyopasua hewa kwa urahisi, ni 0.28 na eneo lake la mbele ni mita za mraba 2.3. Ikienda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare isiyo na upepo, hewa huizuia kwa nguvu ya nyutoni 300 hivi, na matairi huongeza kama 190. Kuushinda ukinzani huo wote kunahitaji takriban kilowati 14, yaani nguvu farasi 19 tu kati ya zile 400. Ikifika kilomita 130 kwa saa, mzigo wa matairi hubaki karibu palepale, lakini hewa sasa inazuia kwa nyutoni 500, na injini inatakiwa kutoa kilowati 25. Hizo bado hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake.

Sasa geuza hesabu hiyo iwe lita. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, na injini inayofanya kazi nyepesi hufikisha kwenye magurudumu kama robo yake, nyingine ikipotea kwa joto na msuguano. Kilomita 100 kwa mwendo wa 100 zitakula lita 6 na kidogo. Kwa mwendo wa 130, zitakula lita 8 na ushei. Gari ni lilelile na dereva ni yuleyule.

Ikiwa nguvu zinazohitajika ni chache kiasi hicho, kwa nini basi sedani yenye nguvu hula zaidi ya ndugu yake mwenye injini ndogo? Sababu kubwa ni kwamba injini ya petroli iliyo kubwa, ikipewa kazi ndogo, hulazimika kuvuta hewa kupitia kilango kilichofungwa karibu chote, kama mtu anayevuta pumzi kupitia mrija mwembamba, na juhudi hiyo ya kuvuta hulipiwa kwa mafuta. Ndiyo maana watengenezaji huweka gia za juu ndefu zinazoishusha injini hadi mizunguko 1,800 au pungufu kwa dakika, na wengine huzima nusu ya silinda kazi inapokuwa nyepesi, ili zile zinazobaki zifanye kazi kwa kilango kilichofunguka zaidi. Hasara ya kuwa na injini kubwa ipo, basi, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani, na mguu wa dereva unaweza kuizidi mara kadhaa, kwa kuiongeza au kuipunguza.

Kupata takwimu ya kweli

Usianze na namba iliyoandikwa kwenye karatasi za gari. Jaribio la WLTP, yaani utaratibu wa maabara wa kupima ulaji wa mafuta wa magari, lililoanza kutumika Ulaya mwaka 2017, huchukua nusu saa na kilomita 23 hivi, na ingawa kasi yake ya juu hufika kilomita 131 kwa saa, wastani wake ni 46.5 tu, kwa kuwa ndani yake mna mwendo wa mjini na vituo vingi. Jaribio la kale la barabara kuu la Marekani halikuvuka kilomita 97 kwa saa, na matokeo yake hurekebishwa kabla ya kubandikwa kwenye gari. Namba hizo zilikusudiwa kulinganisha gari moja na jingine katika maabara, na kwa kazi hiyo zinafaa. Hazikukusudiwa kukuambia safari yako ya saa tatu itakula nini.

Namba ya dashibodi nayo ichukuliwe kwa tahadhari. Kompyuta ya gari hukadiria mafuta kutokana na muda ambao vinyunyizio hufunguka, na aghalabu makadirio hayo hulipendelea gari. Kipimo kinachoaminika ni cha zamani na hakihitaji kifaa chochote: kujaza tanki, kuendesha, kujaza tena, kisha kugawa.

Ugumu wake uko katika uangalifu. Jaza tanki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe kwa ule mlio wake wa kwanza, kisha liache hapohapo. Aliyezoea kubonyeza tena na tena ili afikishe namba isiyo na vipande ataharibu kipimo chote, kwa maana kila mbonyezo huingiza kiasi kisichojulikana katika shingo ya tanki. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri kabla hujaondoka. Ukirudi, tumia pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, kwa sababu hata mwinamo mdogo wa sakafu hubadilisha kiasi kinachoingia kabla ya bomba kujikata. Kosa la lita moja likitokea wakati umejaza lita 20, jibu lako limepotoka kwa asilimia 5. Likitokea wakati umejaza lita 50, limepotoka kwa asilimia 2. Kwa hiyo usipime kwa safari fupi, na ukiweza chukua wastani wa matangi matatu au manne.

Tuseme umekwenda kilomita 486 na pampu imeingiza lita 38.9. Gawa 38.9 kwa 486, zidisha kwa 100, nawe unapata lita 8.0 kwa kila kilomita 100. Anayependa kuhesabu kilomita kwa lita agawe 100 kwa hiyo 8, apate 12.5. Binafsi naona lita kwa kilomita 100 ndicho kipimo bora, kwa kuwa tofauti ya lita moja humaanisha kitu kilekile popote ilipo. Kwa upande mwingine, kutoka kilomita 8 hadi 9 kwa lita huokoa mafuta mengi zaidi kuliko kutoka 15 hadi 16, ingawa masikioni yote mawili yanasikika sawa.

Yako mambo mawili yanayodanganya hata kipimo kizuri. La kwanza ni odometa. Tairi lililolika kutoka milimita 8 za kashata hadi 2 limepungua mzingo kwa karibu asilimia 2, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na odometa huhesabu kilomita ambazo gari halikuzienda. Aliyefunga rimu na matairi yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani hupata kinyume chake, akaliona gari linakula zaidi ya inavyostahili. Linganisha odometa na nguzo za kilomita za barabarani au na ramani ya simu kwa umbali usiopungua kilomita 20, upate kiasi cha kurekebisha.

La pili ni upepo, nao ni mdanganyifu hodari zaidi. Gari linalokwenda 110 likipambana na upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa hukutana na hewa kana kwamba linakwenda 130, na ukinzani wa hewa hupanda kwa asilimia 40. Upepo huohuo ukiwa nyuma hupunguza ukinzani kwa asilimia 33, kwa hiyo hata kwenda na kurudi hakufuti hasara yote. Mtu akijisifu kwa namba ya ajabu aliyoipata katika safari ya upande mmoja, muulize upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, na muulize pia kama barabara ilikuwa inateremka. Wewe pima kwa kwenda na kurudi katika siku tulivu. Andika na halijoto, kwa kuwa hewa ya nyuzi 0 ni nzito kuliko ya nyuzi 30 kwa takriban asilimia 11, na kwenye miinuko ya mita 2,000 hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko usawa wa bahari.

Kupunguza

Jambo la kwanza ni mwendo, na yaliyobaki yote yakijumlishwa huenda yasilifikie. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na tumeona hapo juu kwamba kati ya 100 na 130 zimo lita 2 nzima. Safari ya kilomita 300 kwa mwendo wa 130 huchukua saa 2 na dakika 18, na kwa 110 huchukua saa 2 na dakika 44. Kila mtu ana haki ya kuamua kama dakika hizo 26 zina thamani kuliko lita nne au tano atakazookoa, ila aamue akijua anachokibadilisha. Katika sedani yenye nguvu uamuzi huu ni mgumu zaidi, kwa sababu gari ni tulivu mno kwenye 130 kiasi kwamba dereva hahisi gharama yake.

La pili ni utulivu wa mwendo. Kila unapokanyaga breki, unageuza kuwa joto mwendo uliokwisha kuulipia. Acha nafasi mbele yako, tazama magari matano mbele badala ya moja, na ukiona taa nyekundu zinaanza kuwaka ondoa mguu mapema huku gia ikiwa imeingia. Injini za kisasa katika hali hiyo hukata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Anayetia nyutro kwenye mteremko mkali akidhani anaokoa huirudisha injini kwenye mafuta ya kusimama, na tena anajinyima msaada wa injini katika kupunguza mwendo, jambo ambalo ni la hatari.

Kidhibiti mwendo, kile kinachoshikilia kasi uliyoichagua bila wewe kukanyaga, husaidia sana penye tambarare. Penye vilima hukosea, kwa kuwa huona kilima kikiwa kimekwisha kuanza na kukanyaga mafuta kwa nguvu ili kisipoteze hata kilomita moja. Ni afadhali ukizime, uache mwendo ushuke kidogo mlimani bila kuwaudhi walio nyuma, na uurudishe kwenye mteremko. Kwa injini zenye turbo hili lina uzito zaidi, kwa sababu zinaposukumwa sana huongezewa petroli kupita kiasi cha kuungua vizuri, kwa ajili ya kupoza vyumba vya mwako na mfumo wa kutolea moshi. Kwa ajili ya mizunguko ya injini tuliyoitaja mwanzoni, usiliache gari katika hali ya michezo (Sport) ukiwa safarini. Hali hiyo hushikilia gia ya chini na kuiweka injini juu bila faida yoyote, maadamu hupiti magari mengine.

Matairi yanahitaji maneno machache zaidi. Sedani za namna hii huvaa matairi mapana yenye mpira laini, na mshiko huo mzuri kwenye kona hulipiwa kila kilomita ya barabara iliyonyooka. Huwezi kuubadilisha mpira, ila unaweza kuhakikisha upepo hauko chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, kwa sababu tairi lililopata moto huonyesha upepo mwingi kuliko uliopo. Magari mengi yana viwango viwili, kimoja cha mzigo mdogo na kingine cha gari lililojaa au la mwendo wa kasi, na kwa safari ndefu hicho cha pili ndicho chako. Usivuke hapo kwa kutafuta akiba ya ziada, kwa kuwa breki na mshiko kwenye mvua ni vya thamani kuliko nusu lita.

Kuhusu petroli, fuata okteni, yaani kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kuwaka ovyo, iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tanki. Injini iliyotengenezewa okteni ya juu, ikipewa ya chini, husikia dalili za kugonga, yaani petroli kuwaka ovyo ndani ya silinda, kupitia vihisi vyake na kuchelewesha cheche, hivyo hupoteza nguvu na mara nyingine mafuta pia. Injini isiyohitaji okteni ya juu haipati chochote cha maana kwa kuinywa. Kiyoyozi nacho kiwashe bila hofu na ufunge vioo, maana kwenye kasi ya barabara kuu vioo vilivyofunguliwa huvuruga ule ulaini wa umbo uliolipia. Bawa kubwa la nyuma lililofungwa kwa ajili ya urembo hufanya vivyo hivyo, na halina swichi ya kulizima.

Ikiwa umefanya yote haya na namba bado iko juu kuliko ilivyokuwa zamani, shuka barabara kuu kwa utaratibu, ukiliacha gari lipunguze mwendo lenyewe bila kugusa breki kadiri inavyowezekana kwa usalama. Simama mahali pa salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu yote manne yanapaswa kuwa na uvuguvugu unaokaribiana. Likiwepo moja linalotoa joto kali peke yake, hata ukaisikia harufu ya breki, kalipa ya gurudumu hilo, yaani kile kinachobana pedi za breki kwenye diski, imekwama na pedi zinasugua diski safari nzima. Lipeleke gari kwa fundi afungue gurudumu hilo kabla hujagusa kitu kingine chochote.