Kukanda miguu baridi ya Julai, Molo na Nakuru

Molo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500, na Julai miguu huwa barafu kwa sababu mishipa midogo ya ngozi husinyaa ili joto libaki kifuani na tumboni. Kwa hiyo usikande mguu ukiwa bado baridi. Uloweke dakika 10 kwenye beseni la maji vuguvugu, ukiyapima kwa kiwiko; mwenye kisukari aliyekufa ganzi hajui anapoungua. Kausha hadi katikati ya vidole.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, basi tumbukiza chupa kwenye maji moto, kisha pasha kijiko kimoja viganjani. Zungusha kila kidole, ukande wayo kwa dole gumba. Kwenye shavu la mguu, panda polepole kutoka kifundo hadi chini ya goti, mara 10, ukifuata damu inayorudi moyoni. Muundi upitie juujuu tu. Vaa soksi papo hapo. Kwenye mafuta, pilipili ya nini? Huunguza nyufa za kisigino.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kuwa na joto, usilikande kabisa: huenda damu imeganda ndani, na donge likichomoka hufika mapafuni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.