Namna ya Kumchagua Fundi wa Kuongeza Nguvu ya Injini ya Turbo Jijini Nairobi

Hatua ya kwanza ni kumtafuta anayeijua injini yako hasa. Aliyebobea katika EJ20 ya Subaru si lazima aifahamu EA888 ya Volkswagen Golf GTI, kwa kuwa programu za kusomea kompyuta zinazoendesha injini hizo ni tofauti na udhaifu wake pia ni tofauti. Anayedai kuwa anaziweza zote, mwachie kazi ya kubadilisha oili.

Hatua ya pili, nenda gerejini kwake usikilize maswali anayokuuliza. Akikutajia bei kabla ya kuuliza unatumia petroli gani, aga uondoke. STI, yaani Subaru ya kasi, iliyotoka Japani ilipangiwa petroli ya premium, ambayo kwa viwango vya huko haipungui okteni 96 (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe), na super yetu ya kawaida haifikii hapo. Petroli hafifu ikibanwa kwa joto kali hulipuka kabla ya wakati, injini ikagonga, na sehemu nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi zikavunjika.

Hatua ya tatu ndiyo huwachuja wengi. Muulize: "Fundi, nikishuka Mombasa Desemba, itakuwaje?" Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo (mgandamizo) ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, hivyo turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia presha ileile. Valvu ya kudhibiti turbo ikipangwa kwa hewa ya hapa pekee, gari likifika pwani huenda presha ikapita kiasi. Fundi anayejua atakueleza jinsi kompyuta inavyosoma kanieneo na kurekebisha presha, na kikomo alichoweka. Asiyejua atakwambia tu kwamba gari litakuwa tamu zaidi.

Siku ya kazi, kaa karibu uangalie. Kabla ya kufungua laptopu yake, anapaswa kutoa plagi na kupima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, kazi isimame hapo, hata kama umeshalipa amana. Kisha afunge kwenye ekzosti kihisi cha kupimia mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ya turbo ikikanyagiwa mafuta yote huhitaji takriban sehemu 11 hadi 12 za hewa kwa moja ya petroli. Anayeiacha karibu na sehemu 14.7 za hewa anaichoma. Majaribio yafanyike kwenye dainamomita, mashine ya kupima nguvu gari likiwa limesimama, si kwenye barabara ya Southern Bypass usiku wa manane, ingawa wapo watakaokushawishi kwamba hakuna njia nyingine.

Kabla ya kulipa salio, dai nakala ya faili ya awali ya kompyuta, faili mpya, na rekodi za vipimo vya mwisho, kisha uijulishe kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kwa maandishi.